Tulibandika Wenyewe, Tubandue Wenyewe



Najua ukifungua ukurasa huu unategemea kusoma habari za tume, katiba mpya au madiwani wetu. Hayo yapo na yataendelea kuwepo. Leo naomba mnivumilie niongelee kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye ajenda ya kikao chochote cha vijana: gundi. Ile gundi inayobaki kwenye gari la mtu baada ya stika ya mgombea wetu kuchakaa na kubanduka nusu.

Msicheke kwanza. Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015. Naandika haya mwezi wa saba mwaka 2016, miezi tisa imepita. Pita stendi yoyote hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, utaona Noah ina sikio moja la mgombea mlangoni na herufi tatu za kauli mbiu. Pembeni kuna utando mweusi wa gundi iliyokamata vumbi la barabara. Mwenye gari anauona kila asubuhi akitoka kwake. Na akiuona hakumbuki ilani yetu. Anakumbuka kwamba kuna vijana walikuja, wakabandika, wakaondoka.

Msimamo wangu ni huu, na nausema mapema ili asiyetaka kuendelea asiendelee: chama kinachoomba gari la mtu kina deni la kulirudisha kama kilivyolikuta, na deni hilo ni letu vijana kwa sababu mikono iliyobandika ni yetu. Pili, mwananchi anayetoa stika kwenye gari lake sio msaliti. Tatu, kazi ya kutoa gundi bila kuharibu rangi ina utaratibu wake, na nitawaeleza hapa hatua kwa hatua, maana mimi niliifanya vibaya na nililipa.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Mtaani kwetu kuna mzee ana Noah rangi ya fedha. Siku za wiki inapeleka wanafunzi shule, Jumamosi inakodiwa kwenye harusi. Mzee hana kadi ya chama chetu, na nijuavyo hana kadi ya chama chochote. Ila kampeni zilipoanza mwezi wa nane, akatuambia Jumapili gari halina kazi, tukiweka mafuta wenyewe tuchukue. Tulifungia spika juu, tukaenda nayo mpaka Tukuyu, tukaenda nayo Chunya. Na tukaibandika. Stika kubwa kwenye boneti, mbili milangoni, moja kioo cha nyuma, na zile ndogo ndogo kila penye nafasi, hadi kwenye taa na bampa.

Mzee aliuliza jambo moja tu. "Mkimaliza mtaniachia gari yangu kama mlivyoikuta?"

Nikajibu mimi. "Mzee wangu, hilo niachie mimi."

Matokeo yakatoka, kila mtu mnajua alivyolala siku zile. Sikwenda kwa mzee mwezi wa kumi na moja, wala wa kumi na mbili. Mwezi wa kwanza shule zikakaribia kufunguliwa, ile shule anayobebea watoto ikamwambia haitaki gari lenye alama za chama, chama chochote kile. Tuwe wakweli, hata sisi tungekuwa wazazi tusingetaka. Akanipigia simu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya tatu nikaona aibu, nikachukua vijana wawili tukaenda.

Tulienda na nini? Chupa ya thina, kisu cha jikoni na waya wa kusugulia masufuria. Chupa ya thina niliishika mimi, simsingizii mtu.

Mlangoni mambo yalikwenda kwenda. Tukahamia kwenye boneti. Nikamwaga thina kwenye kitambaa, nikasugua. Kitambaa kikawa cha kijivu. Nikafurahi, nikadhani ni uchafu na gundi vinatoka, nikazidisha nguvu. Mwenzangu ndiye aliyenishtua: "Kaka, hiyo sio gundi, hiyo ni rangi." Nilipoinua mkono, pale kwenye stika palikuwa na doa kubwa kama sahani, linaonyesha puti chini. Wakati huo kijana wa pili alikuwa anafuta taa ya nyuma kwa thina hiyo hiyo. Taa ikaingia ukungu mweupe na nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui.

Mzee alitoka, akaangalia. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Vijana, nyie mnaitaka nchi nzima. Boneti yangu moja imewashinda."

Nimesikia maneno mengi ya wapinzani wetu kwenye majukwaa, hakuna lililonichoma kama hilo. Kwa sababu lilikuwa na haki.

Kupaka upya boneti na kununua taa ilitugharimu. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp naomba mchango. Kundi lile wakati wa kampeni lilikuwa linaingiza ujumbe mia kwa saa. Waliochangia walikuwa watatu. Na mmoja ambaye hakuchanga aliandika hivi: kwanza kwanini huyo mzee anatoa stika, si ameshatusaliti?

Hapo ndipo naomba tusimame kidogo.

Mtu aliyetukopesha gari lake Jumapili tisa bila kulipwa, tena bila kuwa mwanachama, ndiye tunamwita msaliti kwa sababu anataka watoto wa watu wapande gari lisilo na picha ya mgombea? Kwani tulimnunua? Stika kwenye gari lake ilikuwa ruhusa, na ruhusa ina mwisho. Uchaguzi ukiisha, ile nafasi kwenye mlango inarudi kuwa yake. Kama kura yake bado iko kwetu, iko moyoni. Haiko kwenye boneti. Na kama imeondoka, hatutairudisha kwa kumng'ang'ania na gundi.

Wapo pia wanaotoa stika kwa sababu wanaogopa. Anafanya biashara na ofisi ya umma, ana tenda ndogo ya usafi, ana leseni anaifuatilia. Unamlaumu? Mimi simlaumu. Namlaumu anayemtisha. Sisi kazi yetu ni kumsaidia aitoe kwa usalama, apate riziki yake, na mwaka 2020 akituona asifunge geti.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Boneti ile tuliipeleka kwa fundi mmoja wa rangi pale Mwanjelwa. Fundi yule anavaa kofia ya kijani, hafichi. Nilipomweleza tulichofanya alicheka mpaka akaa chini. Halafu akaniambia: "Dogo, mimi nabandua stika za vyama vyote. Gundi haina chama. Njoo kesho nikuonyeshe." Nikaenda. Nilijifunza kwake kwa siku mbili, na tangu hapo nimesafisha magari manane na pikipiki tano bila kuharibu hata moja. Yafuatayo ni ya kwake na ya mikono yangu.

Kwanza elewa unagusa nini. Rangi ya gari ya kiwandani ina tabaka kadhaa: rangi ya chini inayoshika bati, rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile inayong'aa. Yote kwa pamoja kwenye magari mengi haizidi sana maikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama maikroni 100. Kwa hiyo kinachotenganisha kisu chako na bati ni karatasi moja au moja na nusu, na klia peke yake haifiki hata karatasi moja. Ukiona mtu anakwangua gari na kisu, jua anakwangua karatasi.

Pili, rangi ya kiwandani inapikwa kwenye tanuri kwa joto kali, inakomaa, thina ikiigusa kidogo inaweza kuvumilia. Lakini magari yetu mengi yameshapakwa upya mtaani, kipande hapa kipande pale. Kuna rangi ya 2K, inayochanganywa na dawa ya kukazia. Hiyo ni ngumu. Na kuna rangi ya NC, ya bei nafuu, inayokauka kwa thina kuruka tu hewani. Hiyo ukiirudishia thina, hata baada ya miaka, inayeyuka tena kama siku ile. Ndicho kilichotokea kwa mzee. Mlango ulikuwa na rangi ya kiwandani, boneti ilikuwa NC. Mimi sikujua, na sikuuliza.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili: "Mzee, au mama, hapa pamewahi kupakwa rangi?" Hata akisema hapana, jaribu dawa yako sehemu isiyoonekana, mfano ndani ya ukingo wa mlango. Paka kidogo, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikibeba rangi, acha dawa hiyo. Kile kitambaa cha kijivu ndio ilikuwa onyo langu, nikaliona kama ushindi.

Sasa hatua.

Osha kwanza. Maji na sabuni, sehemu yote. Vumbi letu lina mchanga, na ukisugua mchanga juu ya rangi umeshapiga msasa. Kama kilichobandikwa ni bango la karatasi kwa uji wa ngano, kama tulivyokuwa tunafanya usiku, una bahati: loweka kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, subiri, litatoka lenyewe. Kazi inaishia hapo.

Stika ya plastiki inataka joto. Gundi yake ikipata joto inalainika, na plastiki yenyewe inaacha kuvunjika vunjika. Stika iliyokaa juani miezi mingi inakuwa kavu kama ganda la yai, ukiivuta asubuhi ya baridi ya Mbeya inatoka vipande vya ukubwa wa kucha. Subiri saa saba mchana, gari likae juani mpaka bati liwe la moto wa kuvumilika mkononi. Kama hakuna jua, azima draya ya nywele saluni, pitisha huku na huku, usikae sehemu moja. Kipimo ni kiganja chako: ukishindwa kukiweka hapo, umezidisha. Maji yanayochemka usimwage, hasa kwenye kioo cha baridi, kinaweza kupasuka.

Inua kona kwa ukucha au kwa kadi ya plastiki, kwa mfano ya benki iliyokwisha muda wake. Ya chama tunza. Ukishapata kona, vuta polepole, na uilaze stika karibu na rangi, kama unaikunja irudi juu ya mgongo wake. Usiivute kwenda juu kwako. Ukivuta kwenda juu na kwa haraka, gundi inabaki, na kama rangi ni ya mtaani iliyoshika vibaya, inaweza kuja nayo.

Stika ikitoka, sogeza gari kivulini liache kuwa la moto. Hapa wengi wanakosea. Joto ni la kubandulia, kivuli ni cha kufutia. Ukipaka dawa kwenye bati la moto inakauka kabla haijafanya kazi, na wewe unaanza kutumia nguvu.

Kwenye gundi iliyobaki, anza na dawa ya upole kabisa. Dawa hiyo iko jikoni: mafuta ya kula. Paka, funika na kipande cha kitambaa kilicholowa mafuta, acha dakika kumi na tano. Mafuta yanaingia kwenye gundi, inavimba na kuachia. Kisha sukuma kwa kidole gumba au kwa kadi uliyoifunga kitambaa laini. Gundi itajikunja kama vipele, uitoe. Fulana ya zamani ya pamba inafaa, ilimradi haina vifungo wala maandishi magumu. Zile fulana za kampeni zenye picha kubwa ya plastiki kifuani, geuza ndani nje.

Ikigoma, panda ngazi moja: mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, au WD-40 kama unayo. Usimwage juu ya gari. Lowesha kitambaa, weka juu ya gundi dakika moja au mbili, futa, rudia. Kurudia mara tano kwa upole ni bora kuliko mara moja kwa hasira. Fanyia nje penye hewa, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara. Na ukimaliza, vitambaa usivirundike kona ya nyumba. Vianike nje vikauke kabla ya kuvitupa.

Ukishamaliza, osha tena kwa sabuni mpaka maji yasiwe na utelezi. Ukiacha mafuta pale, kesho vumbi la barabarani litakuchorea stika mpya. Kausha, kisha paka waksi au polishi, maana sehemu uliyofuta imeachwa bila kinga.

Mambo ya kukataa, hata akikushauri nani: thina, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, waya wa masufuria, msasa, kisu. Na petroli. Najua petroli ndiyo iko karibu, hasa kwa bodaboda, inachukuliwa kwenye tangi. Mvuke wake unashika moto haraka kuliko unavyofikiri, na kwenye plastiki na rangi laini inaharibu. Hakuna stika yenye thamani ya kuungua mkono.

Plastiki ina sheria zake. Taa za mbele za magari ya kisasa na taa za nyuma sio kioo, ni plastiki. Thina, asetoni na petroli vinaipa ukungu na nyufa, na zile nyufa hazifutiki. Tumia joto kidogo, maji ya sabuni na mafuta ya kula tu, na uvumilivu. Bampa nyeusi isiyopakwa rangi inabaki na baka jeupe ukitumia dawa kali. Pikipiki vilevile: zile kava za pembeni ni plastiki, usizione zinang'aa ukadhani ni bati. Turubai la bajaji ndio kabisa, maji na sabuni na mafuta kidogo, usilete moto hapo.

Kioo cha kweli ndicho pekee kinachokubali wembe. Lowesha kwa maji ya sabuni, laza wembe, sukuma upande mmoja tu. Lakini angalia: kioo chenye tinti usikiguse na wembe upande wa tinti, na kioo cha nyuma chenye zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe ukipita ndani umezikata. Na jamani, kwenye kioo cha mbele usibandue kila kitu. Stika ya Nenda kwa Usalama sio yetu.

Mwisho wa kazi unaweza kukuta kivuli: gundi imetoka yote, ila umbo la stika bado linaonekana, maana rangi ya pembeni imepauka kwa jua na ile ya chini ya stika haikupauka. Hapo hakuna cha kufuta. Polishi inapunguza tofauti, miezi nayo itapunguza. Mwambie mwenye gari ukweli kabla hajauliza. Usisugue kivuli ukidhani ni gundi, utatoboa klia.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema: mwezi wa sita mwaka 2016 Polisi walizuia mikutano ya hadhara nchi nzima, na huyu anatufundisha kufuta gundi. Ndugu yangu, ni kwa sababu hiyo hiyo. Tukinyimwa jukwaa na spika, tunabaki na kitu gani? Tunabaki na mlango wa jirani. Tunabaki na mama muuza genge, dereva wa Hiace, mzee mwenye Noah. Kama milango hiyo tumeiharibu kwa mikono yetu, hakuna polisi wa kumlaumu.

Mwingine atasema watu wa upande ule nao wamebandika magari ya watu na hawajabandua. Kweli kabisa, yameenea. Lakini sisi tunaomba kura kwa kusema tuko tofauti nao. Tofauti hiyo mwananchi ataionea wapi, kama sio hapo anapoishi?

Kwa hiyo napendekeza kwa viongozi wa vijana, kata hadi taifa, mambo manne.

La kwanza, tukianza kampeni yoyote, hata ya udiwani wa marudio, anayebandika stika aandike kwenye daftari: gari la nani, stika ngapi, wapi. Jina la aliyebandika liwepo. Mwenye gari asaini kwamba ameridhia, na aseme anataka itoke lini.

La pili, tubandike kwenye kioo cha nyuma kwanza, mahali pasipomzuia dereva kuona. Tukigusa bodi, tuguse rangi ya kiwandani tu. Boneti iache, inapigwa na jua juu na joto la injini chini, gundi inapikwa. Taa na plastiki ni marufuku.

La tatu, wanaoagiza stika waulize zile za gundi nyepesi zinazobanduka. Zipo. Stika ya gundi kali ni ya kibao cha duka. Gari tumeliazima wiki chache tu.

La nne, wiki ya kwanza baada ya matokeo, tushinde tusishinde, kila tawi liwe na siku ya kubandua. Ndoo, sabuni, chupa ya mafuta ya kula, fulana za zamani. Hatuhitaji bajeti ya makao makuu kwa hilo. Na anayejiita mpambanaji aje, sio atume mtu.

Hilo la nne hatuna sababu ya kusubiri 2020. Tunaweza kuanza Jumapili hii. Mkumbuke mtu mmoja aliyekukopesha gari, pikipiki, bajaji, hata mkokoteni. Nenda, mpigie hodi, mpe shikamoo, mwambie: "Nimekuja kutoa ile stika." Usiende na kadi za uanachama mfukoni. Usiongelee siasa mpaka aanze yeye.

Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee wa Noah. Boneti ilishapakwa, lakini mlango wa kulia ulikuwa bado na gundi tuliyoikimbia siku ile. Nilifika na chupa ya mafuta ya kula na fulana. Alikaa kwenye kigoda ananiangalia, hakusema kitu, kama mtu anayesubiri nikosee. Nilimuuliza kwanza kama mlango ule umewahi kupakwa. Akasema hapana. Nikajaribu ndani ya ukingo hata hivyo. Kitambaa kikatoka kisafi.

Ilinichukua saa mbili. Nikaosha, nikakausha, nikapaka waksi. Mzee akainuka, akapitisha kiganja mlangoni kutoka juu mpaka chini, polepole. Kisha akasema, "Na kioo cha nyuma je?"

Nikamwambia, "Nacho leo leo, mzee."

Hajaniambia kama atatukopesha tena, na mimi sijamuuliza. Nimebakiza bampa, nitaenda Jumapili.